Lukemia ya Watoto: Miaka 33 Kutoka Jeni Hadi Kidonge

Mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye lukemia, yaani saratani ya damu, aliowapa dawa ya aminopterini, 10 walipata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu, lakini ndiyo iliyofungua njia ya tibakemikali. Leo, katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia ya limfoblasti hupona. Waliosalia nyuma ni wachanga wasiotimiza mwaka, ambao ugonjwa huwarudia mara kwa mara.

Chanzo cha ugonjwa huo kilianza kuonekana Chicago. Mwaka 1972, mtafiti Janet Rowley alikuwa akikata picha za kromosomu za wagonjwa wa lukemia kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya kulia nyumbani kwake, akabaini kuwa kromosomu mbili zilikuwa zimebadilishana vipande. Mwaka 1991, maabara yake iliipata jeni inayokatika kromosomu ya 11 inapobadilishana vipande na nyingine, ikaiita MLL. Jeni hiyo imeharibika katika zaidi ya asilimia 70 ya wachanga wenye lukemia ya limfoblasti.

DNA ya seli moja, yenye urefu wa karibu mita 2, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi wa cherehani kwenye bobini. MLL huziwekea histoni alama zinazosaidia kuamua jeni ipi isomwe. Huo ndio uwanja wa epijenetiki. MLL ikikatika na kuungana na jeni nyingine, jeni zilizopaswa kunyamaza huendelea kusomwa, na seli za damu huzaliana bila kukomaa. Jeni hizo zenyewe ni nzima. Kinachokosewa ni usomaji wake, na usomaji unaweza kurekebishwa.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba MLL mbovu haifanyi kazi bila kushikana na protini ya menini. Mwaka 2012, watafiti Jolanta Grembecka na Tomasz Cierpicki wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha molekuli zinazoziba kishimo cha menini ambamo MLL hujishikiza. Novemba 2024, Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha aina hiyo, revumenibu. Katika jaribio lake, wagonjwa 22 kati ya 104, ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa, walipata nafuu kubwa.

Hata hivyo, baadhi ya seli za saratani hubadili menini na kuikwepa dawa, na idhini yenyewe inaanzia umri wa mwaka 1. Wachanga, ambao ugonjwa wao ndio uliochochea utafiti huu, bado wanategemea majaribio. Historia hii haitakamilika hadi tiba iwafikie wao.