Ngome ya Kalenga na kiti cha Spika

Hapa Dodoma tumezoea kusikia "Mheshimiwa Spika". Juma hili nataka tulifuate neno hilo hadi kwenye ngome.

Ukishika barabara ya Mtera hadi Iringa, jirani na mji utaikuta Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyoyazungushia ukuta mrefu. Mwaka 1891, pale Lugalo, jeshi lake liliangamiza kikosi cha Wajerumani. Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, na ngome ikaanguka. Mkwawa alipigana porini hadi 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954, zama za mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Mwaka 1962 Adam Sapi akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu. Mwaka uliofuata sheria ikafuta uchifu. Hakuinua mkuki, alibaki kitini, ukiacha miaka miwili, hadi 1994.

Ukuta ulibomolewa na cheo kikafutwa, lakini ukoo ulipata heshima mpya: kuwatumikia hata wasio Wahehe. Siku ukipita Iringa, geuza njia uingie Kalenga. Fuvu lipo pale, katika jumba la makumbusho.