Kimo na Mieleka: Vijana Wawili wa Uhud

Vijana wetu wa Singida wanaposhindana mieleka, mfupi huchekwa kabla hajashikana na mtu. Kimo kina faida yake, hatukanushi. Mkono mrefu hutangulia kufika. Nazo ngumi hupangwa kwa uzito. Mtanzania mwenzetu Titus Simba, aliyepata medali ya fedha mjini Edinburgh mwaka 1970, alipigana na watu wa kadiri yake, uzito wa kati.

Vita havina kadiri. Mwaka wa 3 wa Hijra (625), Waislamu wakielekea Uhud, Mtume (S.A.W.) aliwakagua vijana na kuwarudisha wadogo. Imepokewa kuwa Rafi bin Khadij alisimama kwa ncha za vidole ili aonekane mrefu. Akakubaliwa, lakini kwa sababu ya ustadi wake wa mishale. Samura bin Jundub akarudishwa. Akamlalamikia baba yake wa kambo: vipi Rafi aruhusiwe, hali yeye humbwaga? Mtume akaamuru washikane. Samura akambwaga, naye akaruhusiwa. Umri wao ulikuwa miaka 15.

Katika vita hivyo Rafi alichomwa mshale, na chembe chake kikabaki mwilini mwake kwa miaka mingi.