Mwezi Mmoja wa Dalali

Anayetafuta chumba Dar es Salaam siku hizi huambiwa masharti kabla hata ya kuoneshwa mlango: kodi ya miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali. Akihoji huo mwezi mmoja umetoka wapi, atajibiwa kwamba ndiyo desturi. Si kweli. Historia ya upangaji katika mji huu inaonesha kuwa mzigo huo alitwishwa mpangaji kidogo kidogo, kila mara nyumba zilipopungua na serikali ikashughulikia bei peke yake bila kugusa uhaba wenyewe. Ndiyo maana mbinu za mtu mmoja mmoja za kuukwepa hazifiki mbali, na dawa yake inabaki kuwa kubadilisha anayelipa.

Tuanzie Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba iliyoenea hapo, na baadaye Ilala na Magomeni, ni ile ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani palipo na jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alijibakizia chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha kimoja kimoja kwa mwezi. J. A. K. Leslie, afisa wa kikoloni aliyeuchunguza mji miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka 1963, ameeleza jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu au mtu wa kwao na kujihifadhi hapo mpaka mambo yake yakae sawa. Habari ya chumba kitupu ilipatikana barazani. Mwenye nyumba alimpima mpangaji kwa macho yake, maana wangepokezana ndoo ya maji uani kila asubuhi. Katika hali hiyo mtu wa kati alikuwa na kitu gani cha kuuza? Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742.

Hata hivyo mlango ulikwisha kuanza kuwa na bei yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walimiminika mjini, vifaa vya ujenzi vikaadimika, na serikali ya kikoloni ikaweka kikomo cha kodi. Kodi iliyoandikwa kwenye stakabadhi ikatulia, lakini ile ya chini kwa chini ikapanda. Hasa katika majengo ya Uhindini, anayeingia alitoa kilemba, fungu la fedha lisiloandikwa popote, ndipo akabidhiwe ufunguo. Hili ni la kuzingatia, kwa sababu kilemba kilikuwa malipo ya kupata nafasi, juu ya kodi yenyewe, na aliyelipa ni mwenye shida. Wafanyabiashara wanaogombea fremu Kariakoo bado wanalijua jambo hilo kwa jina lilelile.

Baada ya uhuru serikali iliamua kuwa mwenye nyumba yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya 1962. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Kisha mwezi Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliopata nyumba za Msajili walipata kodi nafuu kweli, na sioni sababu ya kulidharau hilo. Ila ujumbe uliowafikia watu wenye fedha ulikuwa mmoja: ukijenga cha kupangisha, jenga kidogo. Wakati huohuo mji ulikuwa unafurika. Mwaka 1967 ulikuwa na watu 272,821. Mkoa mzima ulifikia 843,090 mwaka 1978, na 2,487,288 mwaka 2002. Wengi wa hao hawakuwahi kuikaribia nyumba ya Msajili. Walipanga Manzese, Buguruni, Tandika na Mbagala, katika nyumba ambazo watu walijijengea chumba baada ya chumba.

Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984, ambayo mitaani ilikuwa haisikiki sana, ilifutwa 2005, na upangaji ukabaki mikononi mwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na mikataba ya watu wenyewe. Hapo ndipo dalali wa nyumba aliponawiri. Mwenye nyumba wa sasa mara nyingi haishi uani pamoja na wapangaji. Yuko Goba, au Mwanza, au ng'ambo. Habari iliyokuwa ikipatikana barazani bure imehamia kwenye benchi chini ya mwembe, penye kibao chenye namba ya simu na maneno "vyumba, nyumba, viwanja". Hesabu yake haina siri. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi kinadai 600,000 za miezi sita na 100,000 za dalali, ukiacha hela ya kupelekwa kuona. Mpangaji anaanza maisha akiwa pungufu ya laki saba, bado godoro.

Wako wanaosema mwerevu hamhitaji dalali: ulizia kwa mjumbe, ongea na mpangaji anayehama, tafuta mtandaoni. Ushauri huo unafaa kujaribiwa, na kuna wanaofanikiwa. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kabidhi funguo kwa dalali atakurudisha kwa dalali huyohuyo, anayehama naye siku hizi anataka chake, na matangazo mengi ya mtandaoni ni benchi lilelile limehamia kwenye simu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba dalali anafanya kazi, na kazi haina budi kulipwa. Nakubali. Swali ni kazi hiyo anamfanyia nani. Anatafuta mteja wa chumba cha mwingine, anamchuja, anamwondolea mwenye nyumba usumbufu wa simu hamsini. Dalali wa mnadani, ambaye pwani inamjua tangu zamani, alikata ujira wake kwenye fedha za mwenye mali. Mnunuzi alilipa bei iliyotajwa akabeba chake. Ujerumani ilirudi kwenye mantiki hiyo tarehe 1 Juni 2015, sheria ilipoamua kwamba aliyemwagiza wakala ndiye amlipe. Mawakala walikwenda mpaka Mahakama ya Katiba, na mwaka 2016 wakashindwa. England nayo ilipiga marufuku ada za mawakala kwa wapangaji kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Itasemwa kwamba mwenye nyumba ataichomeka ada hiyo ndani ya kodi. Huenda kwa kiasi fulani. Lakini 100,000 iliyogawanywa kwa mwaka ni kama 8,300 kwa mwezi, na inaonekana wazi kwenye bei ambayo mtu anaweza kuilinganisha na ya jirani, tofauti na fungu la kutoa siku moja wakati mtu amelala kwa shemeji. Tena mwenye nyumba ana nguvu ya kubishana na dalali, kwa kuwa dalali atamhitaji tena; mpangaji hana nguvu hiyo. Na anayepokea miezi sita taslimu hawezi kudai hana cha kumlipa aliyemletea mteja.

Kikwazo halisi ni utekelezaji, na hapo historia ya kilemba inatisha: sheria ilikuwapo, malipo yakajificha. Mpangaji wa zama zile hakuwa na karatasi wala pa kudai kwa urahisi. Wa leo ana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mara nyingi amelipa kwa simu, kwa hiyo ana ujumbe wenye jina la mpokeaji, kiasi na tarehe. Kinachokosekana ni kifungu cha sheria kinachosema fedha hiyo irudishwe.