Mafunzo ya Walimu Wakuu katika Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kufundisha darasa na kuongoza shule ni kazi mbili, ingawa hufanywa chini ya paa moja. Mtu aweza kuwa hodari wa hesabu, akapendwa na wanafunzi wake, akasifiwa tarafa nzima kwa matokeo mema ya mitihani, na bado asijue la kufanya siku atakapokabidhiwa funguo za ofisi, daftari la fedha na kamati ya wazazi. Katika sehemu nyingi za Tanzania, hasa zile zilizo mbali na miji mikubwa, kazi ya pili ilitolewa kwa muda mrefu kama tuzo ya kazi ya kwanza. Aliyefundisha vizuri alifanywa mwalimu mkuu, na kuongoza akajifunza mwenyewe kwa kukosea. Gharama ya makosa hayo haikumwangukia yeye peke yake. Ilimwangukia pia mtoto ambaye shule haikumtazama kwa wakati.

Historia ya Mbinga na ya mwambao wa Ziwa Nyasa yafaa kutazamwa kwa swali hili: ni nani aliyemfundisha mwongozi wa shule, na alimfundisha aongoze kwa ajili ya nani?

Nchi yenyewe hulifanya swali hilo kuwa zito. Juu ni milima ya Umatengo, ambako wakulima hulima ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki ili mvua isichukue udongo wa miteremko, na ambako kahawa imekuwa zao la fedha tangu miaka ya 1920. Chini, mahali palipo mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, ni Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya wavuvi wa usipa. Tangu 2012 sehemu hizo mbili ni wilaya mbili, Mbinga na Nyasa, lakini zamani zilikuwa wilaya moja. Msimu wa kuchuma kahawa huita mikono ya watoto mlimani, na usiku wa giza, taa zinapowashwa majini, huita wavulana wa pwani. Kengele ikilia saa moja na nusu asubuhi, humkuta mtoto mmoja amelala vyema kando ya shule, na mwingine ndiyo kwanza anavuta mtumbwi mchangani. Kuwapa wote adhabu ileile kwa kuchelewa ni usawa. Wazee wa lugha walikuwa na neno jingine, insafu, lenye maana ya kumpa kila mtu haki yake kwa kuitazama hali yake. Usawa waweza kuandikwa katika kanuni ukatosha, bali insafu hutaka mtu wa kuitenda, na katika shule mtu huyo ni mwalimu mkuu.

Mafunzo ya kwanza ya walimu wa mwambao yalitoka ng'ambo ya maji. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyozaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, iliweka makao yake ya ziwani katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Kisiwa hicho leo ni cha Malawi, ingawa kipo karibu na pwani ya Msumbiji. Kutoka huko William Percival Johnson alizunguka vijiji vya pwani miaka mingi, mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Mwenziwe, Askofu Chauncy Maples, alizama ziwani mwaka 1895, na kwa kumbukumbu yake ikatengenezwa meli iliyopewa jina lake. Ilisafirishwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaanza kuelea Nyasa mwaka 1901. Meli hiyo ilikusudiwa kuwa kanisa, hospitali na chuo cha walimu kwa pamoja. Vita vilipofika ziwani mwaka 1914 ilitwaliwa kwa kazi za jeshi.

Fikira ya chuo kiendacho kwa wanafunzi ilikuwa njema, na yastahili kukumbukwa. Waanzilishi waliona kwamba nchi isiyo na barabara haiwezi kungoja walimu wake wapelekwe mbali. Lakini mwalimu aliyetoka katika mafunzo hayo hakufundishwa kuamua. Alifundishwa kusoma, kufundisha dini, kutunza orodha ya wanafunzi na kumngoja padri aje kukagua. Uongozi ulikuwa wa padri, naye mwalimu alikuwa mkono wake kijijini.

Mlimani mambo hayakuwa mbali na hayo. Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka 1899. Zote mbili ziliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha zikajengwa upya. Shule ndogo za vijijini zikaenea chini ya makatekista, watu ambao wengi wao walifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Kigonsera baadaye ikawa na seminari iliyosomesha vijana kutoka mbali, akiwamo Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Tanzania. Hapana shaka kwamba misheni zilifungua mlango ambao serikali za kikoloni, ya Wajerumani na ya Waingereza, zilisitasita kuufungua. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba. Wachache walioonekana wanafaa waliinuliwa, na waliobaki nyuma walihesabiwa kuwa wamepata kadiri yao. Hakuna aliyemtaka mwalimu aulize kwa nini wasichana wanapungua kila darasa linapopanda.

Baada ya uhuru wa 1961 swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa. Ubaguzi wa rangi katika shule ulikomeshwa kisheria kuanzia 1962. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alionyesha kwamba kati ya watoto mia wanaomaliza shule ya msingi, wasiozidi 13 ndio wangepata nafasi ya sekondari, na kwamba hao wengine huondoka wakijiona wameshindwa. Shule iliyopangwa kwa ajili ya wachache ilikuwa inawafundisha walio wengi kujidharau.

Jirani na Mbinga, katika wilaya ya Songea, palikuwa na shule iliyokwisha kujaribu njia nyingine. Chama cha Maendeleo ya Ruvuma kiliunganisha vijiji vilivyoanzishwa na vijana wa TANU mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huko Litowa kikaanzisha shule ya watoto wa vijiji wanachama. Mwalimu mkuu wake alikuwa Suleman Toroka. Watoto walisoma, walilima, na walizoezwa kujadili mambo ya maisha yao pamoja. Kipimo cha shule kilikuwa manufaa ya kijiji kizima, wala si idadi ya watakaokihama. Toroka hakuupata uongozi wa namna hiyo katika kozi iliyokuwako wakati ule. Aliupata kwa kuishi ndani ya jumuiya iliyomdai maelezo.

Majaribio hayo hayakudumu. Mwezi Septemba 1969 uongozi wa juu wa TANU ulikivunja chama hicho. Mwaka uleule Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyotwaa shule za misheni na kuziweka chini ya serikali. Matukio hayo mawili, moja likiwa la huzuni kwa watu wa Litowa na jingine likipokewa na wengi kama ushindi wa usawa, yalimweka mwalimu mkuu wa Mbinga mahali papya. Padri wa kumwamuru hakuwapo tena, wala kijiji chenye nguvu ya kumwuliza. Mamlaka sasa yalitoka kwa maofisa wa elimu, na kwao ndiko alikotoa hesabu.

Ndipo mafunzo ya uongozi yalipohitajiwa kwa haraka. Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977 viliongeza shule na wanafunzi kwa kasi kuliko walimu walioweza kuandaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilianzishwa chuo cha Bagamoyo kilichojulikana kwa jina la MANTEP, cha kufundisha waongozi wa elimu, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ambao baadaye ulifungua matawi Mwanza na Mbeya. Mwalimu mkuu alijifunza mipango, kumbukumbu, usimamizi wa watumishi na matumizi ya fedha. Hayo yalikuwa ya lazima, hasa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002, ulioleta fedha hadi kwenye kamati za shule. Fedha zisizoandikwa hupotea, na zikipotea mtoto maskini ndiye wa kwanza kukosa daftari. Lakini mwenye vitabu vya hesabu vilivyo safi aweza kuwa na shule isiyo ya haki.

Shahada ya uzamili ilikuwa mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kutoa masomo ya juu ya uongozi wa elimu, mwalimu wa Lituhi au Litembo aliyetaka kuyafuata alilazimika kuacha kituo, shamba na watoto. Kwa wengi shahada ilikuwa barabara ya kutokea, na aliyeipata aliweza kupangiwa ofisi mjini. Kuundwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992 kulibadili hali hiyo. Kwa kuwa na kituo Songea, chuo hicho kiliwawezesha walimu wa Ruvuma kusoma uzamili wa utawala, mipango na sera za elimu bila kuacha kazi. Chuo kiendacho kwa wanafunzi kikarudi, safari hii kwa vitabu na kompyuta badala ya meli. Hata hivyo mzigo haukugawanyika sawasawa. Ada hukatwa katika mshahara uleule unaolisha nyumba, na mwalimu wa kike aghalabu hufungua kitabu baada ya jiko na watoto kulala.

Basi, mafunzo hayo yafundishe nini? Wapo wasemao kwamba haki ni jambo la moyo, na kwamba fedha za kusomesha uzamili zingejenga vyoo na madarasa. Neno lao si la kupuuzwa. Lakini sheria njema zilizotoka Dodoma na Dar es Salaam zimeonyesha kwamba moyo peke yake hautoshi. Waraka wa 2015 uliondoa ada kuanzia Januari 2016, na madarasa yakafurika. Mwalimu mkuu ndiye aliyeamua ni nani atakayekaa mbele na ni nani atakayekaa chini. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Tangazo lilifungua lango, lakini halikusema atapokewa kwa maneno gani, mtoto wake atashikwa na nani, wala mwalimu atakayemcheka atafanywaje. Mambo hayo huamuliwa ofisini mwa mwalimu mkuu, asubuhi, mbele ya mama aliyekuja kwa miguu.

Mtu hufika kwenye uamuzi huo akiwa na kile alichozoezwa kukiona. Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu. Ikiwa tasnifu hiyo itamtuma ahesabu, katika shule yake mwenyewe, ni nani wanaokosekana siku za kahawa na siku za usipa, ni wasichana wangapi waliotoweka kati ya darasa la tano na la saba, na wazazi wa kitongoji gani hawajapata kusema neno mkutanoni, basi shahada hiyo itakuwa imemfunza insafu kwa vitendo. Ikiwa itamtuma arudie maneno ya wataalamu wa nchi nyingine, atapanda cheo na shule itabaki kama ilivyokuwa.

Wamisheni walifundisha utii kwa sababu walihitaji wasaidizi, na serikali ikafundisha hesabu kwa sababu ilihitaji watunzaji wa mali. Litowa peke yake ilianza na haja ya mtoto, nayo haikukosa mwalimu wa kuitimiza. Ilikosa wakubwa walio tayari kumwacha afanye kazi. Kwa hiyo anayemsomesha mwalimu wa Mbinga kuwa mwongozi mwenye haki ana wajibu wa kumsomesha pia ofisa atakayempokea akirudi, kwani mwalimu mkuu aliyejifunza kuuliza maswali atayauliza, na yafaa awepo mtu aliyezoezwa kuyasikiliza.