Nyumba, Jumba na Mvuto wa Picha: Sanaa ya Kisasa Ikitazamwa kutoka Mpuguso

Kiswahili hakikupata neno moja tu la kupaitia mahali ambapo picha hutundikwa ili zitazamwe. Kuna makumbusho, neno lililotokana na kukumbusha, na kwa hiyo limeelekea kwa yaliyopita. Kuna maonyesho, ambayo huwa na siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Kuna pia jumba la sanaa, ambamo ukubwa umo katika neno lenyewe. Waanzilishi wa kituo cha wasanii kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1972 hawakuuchukua ukubwa huo; walikiita Nyumba ya Sanaa. Tofauti hii si ya sarufi peke yake. Mtu huingia katika nyumba kwa kubisha hodi, lakini mbele ya jumba husita kwanza na kujiuliza kama anaruhusiwa.

Mpuguso, katika Wilaya ya Rungwe, karibu na mji wa Tukuyu, hujulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu, wala haitajwi panapozungumzwa sanaa ya kisasa. Hata hivyo, nchi inayoizunguka haikukosa vitu vya kutazamwa. Joseph Thomson, aliyepita upande huo wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za wenyeji kwa unadhifu wake. Wakisi, walioko ufukweni Ikombe, wameendelea hadi leo kufinyanga vyungu ambavyo huuzwa katika mnada wa Lyulilo, jirani na Matema, na kusambaa milimani hadi Tukuyu. Vyungu vya namna hiyo vimo pia katika makumbusho ya Ulaya, ndani ya vioo, ambako havipiki kitu. Chungu ni kilekile. Kilichobadilika ni jicho.

Badiliko hilo la jicho ndilo linaloeleza mvuto wa jumba la sanaa, na katika Afrika Mashariki hakuna mfano ulio wazi zaidi ya Sam Joseph Ntiro (1923–1993). Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyeanza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937, kisha akaenda katika shule ya Slade, London. Mtu angetarajia arudi na mbinu za London. Aliporudi, aliendelea kuchora alichokuwa amekiacha: migomba, njia za vilimani, watu wengi wadogo wakifanya kazi pamoja. Wahakiki kadhaa waliuona mtindo huo kuwa wa kitoto. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, kwani mtu aliyekwisha kufunzwa kuchora kwa kanuni za Ulaya, akachagua kutozifuata, hawezi kuhesabiwa kuwa hakuzijua.

Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York, jumba lililofunguliwa mwaka 1929 na ambalo kwa wengi ndilo kipimo cha usasa wenyewe. Mtazamaji wa New York huvutwa na rangi na mpangilio, kisha husoma kibandiko ili ajue kinachotendeka. Mtu wa Rungwe, ambako migomba huanzia mlangoni, angeanza na kinachotendeka, na huenda asihitaji kibandiko kabisa. Ila yeye ndiye aliye mbali na picha.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi mwingine wa Makerere, alilishughulikia tatizo hili kwa namna yake. Katika miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akiiweka habari ya Yesu katika mandhari ya Wakikuyu, mbele ya waumini ambao hawakuwa wateja. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo huwapa wanaisimu kazi: paa ni mnyama, na paa ni kwenda juu, tena upatanisho wa kisarufi ungedai «wa», si «ya», kwa kuwa mnyama ni kiumbe hai. Kosa, kama ni kosa, limelifanya jina lisisahaulike.

Mjini Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya madukani juu ya mbao nyembamba, na picha zake zikauzwa nje, Oysterbay, walikopita wageni wenye fedha. Hapo picha ilisubiri mnunuzi, na mtazamaji asiye na fedha alikuwa mpita njia tu. Ulaya nako bei ilikuwa na neno lake: Tate Modern ilipofunguliwa London mwaka 2000 katika jengo lililokuwa la kuzalisha umeme, kuingia kulikuwa bure, na katika mwaka wa kwanza walifika watu zaidi ya milioni 5. Si wote waliozijua picha. Wengi walivutwa na ruhusa ya kusimama mbele ya kitu kizuri bila kuulizwa watakinunua lini.

Ruhusa hiyo haijamfikia mwalimu mwanafunzi wa Mpuguso kwa njia ya jumba. Mitaala ya shule za msingi ya miaka ya 2000 iliiweka sanaa ya kuchora na kufinyanga ndani ya Stadi za Kazi, pamoja na mambo mengine mengi, na somo likafundishwa kama ustadi wa mikono. Jicho halikutengewa kipindi. Mwalimu huyo atapangiwa shule ambayo picha yake kubwa kuliko zote ni ramani ya Tanzania. Hataweza kuwapeleka watoto New York kumwona Ntiro. Anaweza kuweka mezani chungu cha Wakisi, ambacho kila mmoja wao amekwisha kukiona jikoni kwa bibi yake, na kuwaambia wasikiguse kwanza, wakitazame.