Kutoka koroboi hadi nukta za kwanta: hadithi ya mwanga Kericho na Bomet

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini leo naweka kibodi kando tuzungumze historia ya taa huku kwenye majani chai.

Kwa miaka mingi nyumba ya mkulima mdogo ilimulikwa na koroboi: mkebe, utambi, mafuta ya taa na masizi. Tochi zilikuwa za balbu, na zilimaliza betri upesi.

Mabadiliko yalianzia Japani. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali. Mwaka 1996 Nichia wakaipaka unga wa njano. Buluu ikichanganyika na njano, jicho huona nyeupe. Kwa hiyo hiyo LED "nyeupe" ya tochi yako ni ya buluu iliyovishwa koti.

Zikafika kwetu. Mwaka 2009 watafiti wa Mradi wa Lumina walichunguza taa zilizouzwa Kericho, Brooke na Talek. Pia walipima aina tatu za tochi za LED za kuchaji zilizonunuliwa Kenya mwaka huohuo. Uwezo wa betri ulikuwa chini ya ulioandikwa kwa asilimia 30 hadi 50! Fikiria mtu ameuza majani chai yake, amenunua tochi, kisha anarudi kwenye koroboi akisema LED ni uongo. Teknolojia haikuwa na kosa. Kilichokosekana sokoni ni kipimo. Ndiyo maana mpango wa Lighting Africa, ulioanza 2007, uliweka upimaji wa ubora.

Kasoro nyingine ni rangi. LED za bei nafuu zina wekundu haba. Kiwandani, chai iliyosagwa hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Itazame chini ya taa kama hiyo, jicho litadanganyika.

Hapo ndipo zinapoingia nukta za kwanta, chembe za nanomita chache tu. Ndogo hutoa buluu, kubwa zaidi hutoa nyekundu; ukibadilisha ukubwa umebadilisha rangi. Alexei Ekimov na Louis Brus walizigundua miaka ya 1980, Moungi Bawendi akapata njia ya kuzitengeneza vizuri mwaka 1993, na wote watatu wakapata Nobel ya Kemia 2023. Kwa kuwa ni ndogo mno, huchanganywa ndani ya utando mwembamba wa plastiki. Weka utando huo juu ya LED za buluu zinazopindika, upate taa nyeupe unayoweza kuikunja.

Lakini unyevu na joto huziharibu, na nyingine zina kadimi, ambayo ni sumu. Nasi Kericho mvua hatuikosi.

Kwa hiyo siku taa hizo zikifika sokoni Brooke, usiulize kwanza kama zinakunjika. Uliza nani amezipima.