Pullman: mji wa gari la moshi uliogeuka kartie

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: mpe mfanyakazi nyumba nzuri na maji safi, naye atatulia. Neno hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili tutaiona katika historia ya mji mmoja wa Marekani, jina lake Pullman. Ulijengwa peke yake katika uwanda mtupu, kando ya njia ya gari la moshi. Leo ni kartie moja tu ya Chicago. Tuufuate tangu mwanzo, kwa maana una fundisho kwa kila mtu anayewachunga watu wa kazi.

1. Bwana na mji wake

George Mortimer Pullman alizaliwa mwaka 1831 katika jimbo la New York, akaacha shule akiwa na miaka 14. Alipofika Chicago alifanya kazi ya kuinua majumba, kwa sababu mji ule ulikuwa umejengwa chini mno na maji machafu hayakupata njia. Baadaye akaona jinsi wasafiri wa gari la moshi wanavyotaabika usiku. Akatengeneza magari yenye vitanda na mapambo mazuri, na mwaka 1867 akaanzisha kampani yake. Magari yale ya kulalia hakuyatoa mkononi mwake: yalisafiri katika reli za makampani mengine, lakini yalibaki mali yake, na watumishi waliokuwa ndani walikuwa watumishi wake. Tukumbuke desturi hiyo, maana ndivyo alivyofanya hata na nyumba za watu.

Mwaka 1880 kampani ilinunua hektari kama 1,600 karibu na ziwa Calumet, yapata kilometa 20 kusini ya Chicago, kando ya reli ya Illinois Central. Solon Beman akachora majumba, Nathan Barrett akapanga bustani na barabara. Udongo wa ziwa ukafanywa matofali. Mwanzoni mwa mwaka 1881 jamaa ya kwanza iliingia, na mwaka 1885 wakaaji walikwisha kupita 8,000.

Wageni walistaajabu. Katika Chicago maskini walilundikana katika vibanda vya mbao; hapa kulikuwa na nyumba za matofali, maji ya bomba, gazi ya taa, na uchafu ulichukuliwa mbali kwa mifereji. Kulikuwa na soko, shule, banki, teatri, nyumba ya vitabu, na oteli nzuri iliyoitwa Florence, jina la binti ya bwana mwenyewe.

2. Nyumba nzuri, lakini ya nani?

Tusidharau mambo hayo. Mtoto aliyekunywa maji safi aliyanywa kweli. Lakini tuulize: nani alikuwa mwenye mji? Jibu ni moja: kampani. Hakuna mfanyakazi aliyeweza kununua nyumba, hata kama alikuwa na fedha. Kampani iliweza kumtoa mpangaji kwa taarifa ya siku 10 tu. Pombe iliuzwa katika oteli peke yake, na bei yake haikuwa ya mfanyakazi. Nyumba ya vitabu ilitaka malipo. Hata nyumba ya Mungu ilitakiwa kuleta faida: kanisa zuri la mawe ya kijani lilijengwa mwaka 1882, lakini kodi yake ilikuwa kubwa hata likakaa miaka kadhaa bila waamini. Wakatoliki walijenga kanisa lao la Rozari Takatifu ng'ambo ya reli, upande wa magharibi.

Mwaka 1885 mwalimu wa elimu ya uchumi, Richard Ely, aliyekuwa ameutembelea mji, alitoa habari zake. Aliusifu usafi wake, lakini akaona kwamba watu walikaa humo kama wageni katika nyumba ya tajiri, wakiogopa kusema. Mwaka 1889 wilaya ya Hyde Park, iliyokuwa na Pullman ndani yake, ilipiga kura kujiunga na Chicago. Bwana Pullman alipinga, akashindwa. Hivyo, kwa sheria, mji wake ukawa sehemu ya Chicago. Lakini nyumba na barabara zikabaki za kampani.

3. Mwaka wa njaa

Mwaka 1893 taabu kubwa ya fedha iliingia Marekani. Mabanki yalifunga milango, kazi ya magari ikapungua. Kampani iliachisha watu wengi, na waliobaki ikawapunguzia mshahara, wengi kwa kadiri ya robo. Lakini kodi ya nyumba haikupunguzwa hata senti moja, na wenye hisa waliendelea kupata faida yao ya 8 kwa mia.

Palikuwa na mchungaji Mmetodisti katika mji, jina lake William Carwardine. Yeye aliandika habari ya mtu mmoja ambaye, baada ya kukatwa kodi, alibaki na hati ya mshahara ya senti 2. Mtu yule hakwenda kuibadilisha. Aliitia katika fremu, iwe ukumbusho. Carwardine aliishi kati ya watu hao, akaona watoto wenye njaa, naye hakunyamaza. Alihubiri waziwazi kwa ajili yao, akaandika kitabu ili watu wajue.

Mwezi wa tano mwaka 1894 wafanyakazi walituma wajumbe kwa wakubwa. Siku chache baadaye watatu wao waliachishwa kazi, na tarehe 11 mgomo ukaanza. Chama cha wafanyakazi wa reli, kilichoongozwa na Eugene Debs, kiliomba kampani ikubali waamuzi. Kampani ikajibu kwamba hakuna jambo la kuamua. Basi watu wa reli wakakataa kuendesha gari lolote la Pullman, na treni zikasimama katika majimbo mengi. Prezidenti Cleveland akatuma askari. Altgeld, gavana wa Illinois, akalalamika. Watu wengi walikufa, magari mengi yalichomwa, Debs akafungwa, mgomo ukavunjika.

Hapa tusifiche kosa la wagomaji wenyewe. Mwezi wa sita wa mwaka ule ule, chama chao kilipiga kura kikakataa kuwapokea watu weusi, ijapokuwa Debs aliwasihi wasifanye hivyo. Waliotaka haki kwa bwana waliwanyima ndugu zao. Watumishi weusi wa magari ya kulalia walingoja mpaka mwaka 1925 kupata chama chao, chini ya A. Philip Randolph, na kampani haikutia sahihi mapatano nao mpaka mwaka 1937.

4. Mji unarudi kwa watu

Bwana Pullman alikufa mwaka 1897. Jamaa yake waliogopa watu wenye hasira wasije wakafukua maiti. Wakamzika usiku, na sanduku wakalifunika kwa chuma na saruji. Mwaka uliofuata tribinali kuu ya Illinois iliamua kwamba kampani ya kutengeneza magari haina ruhusa ya kumiliki mji, ikaiamuru iuze nyumba. Katika miaka iliyofuata ziliuzwa, na wapangaji wakaweza kuwa wenye nyumba. Sasa Pullman ikawa kartie kama nyingine.

Je, huo ulikuwa mwisho wa uzuri wake? Sivyo. Mwaka 1960 wengine walipanga kubomoa kartie ili kupata nafasi ya viwanda. Nani waliisimamia? Kampani? Hapana: wakaaji wenyewe, watu wa kawaida, walikutana, wakaandika, wakakataa, na nyumba zikasimama. Tangu mwaka 1995 kuna makumbusho ya watumishi weusi wa magari yale. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza mahali pale kuwa ukumbusho wa taifa.

5. Fundisho

Miaka mitatu kabla ya mgomo ule, tarehe 15 mwezi wa tano 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali mshahara usiotosha, kwa sababu ya shida au hofu, anatendewa jeuri, hata kama alikubali kwa kinywa chake. Alifundisha vilevile kwamba yafaa watu wengi iwezekanavyo wawe na mali yao wenyewe. Hakuandika juu ya Pullman. Lakini Pullman ni kama mfano uliotiwa kando ya maneno yake.

Bwana yule alijiona baba wa watu wake, akashangaa walipomgeukia. Alitoa bustani, akanyima neno. Sadaka haiwezi kukaa mahali pa haki. Waliotunzwa kama mali walimwacha; wale waliopata mlango wa kwao waliutunza mji wake kuliko yeye.

Nasi tutakaotumwa katika kambi na karitie za wafanyakazi, tukisifu nyumba nzuri, tuulize pia aliye ndani anabaki na senti ngapi baada ya kulipa, na kama anaweza kusema bila hofu. Carwardine aliuliza hivyo, naye alikuwa akila mkate katika mji wa bwana.